Tofauti ya Pointi 0.2: Uchambuzi wa Kisa cha Pinot Noir ya Eyrie ya Mwaka 1975

Mwezi Januari mwaka 1980, mjini Beaune, ambao ndio kitovu cha biashara ya divai ya Burgundy nchini Ufaransa, mfanyabiashara Robert Drouhin aliandaa shindano la kuonja divai ambalo lebo za chupa zote zilifichwa. Divai ya kampuni ya familia yake, Chambolle-Musigny ya mwaka 1959, ilishika nafasi ya kwanza kwa pointi 70. Nafasi ya pili, kwa pointi 69.8, ilichukuliwa na Pinot Noir, yaani divai ya zabibu nyekundu ya jina hilohilo, ya mwaka 1975 iliyotengenezwa na David Lett wa Eyrie Vineyards, katika jimbo la Oregon nchini Marekani. Nyuma yake ilibaki Chambertin-Clos de Bèze ya mwaka 1961, ambayo inatoka katika daraja la juu kabisa la mashamba ya Burgundy.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya mnyonge kumwangusha mbabe, na kwa kweli kina kila kinachohitajika katika hadithi ya namna hiyo: kijana asiye na fedha, bonde ambalo wataalamu walilitilia shaka, kiwanda kilichoanzishwa katika jengo kuukuu lililokuwa la kusindika nyama ya batamzinga, na mabwana wa Burgundy wakikuna vichwa. Anayetaka kujifunza jambo kuhusu divai hana budi kuiweka hadithi hiyo kando kwa muda. Linalohitaji maelezo ni jinsi divai nyekundu yenye rangi hafifu, iliyotokana na mizabibu ambayo haikuwa imetimiza miaka 10 tangu ipandwe shambani, ilivyoweza kukaa meza moja na divai zile bila kuaibika. Kisha ni nini hasa kinachothibitishwa na zile pointi. Kwa maoni yangu, jibu la swali la kwanza karibu lote liko shambani, katika uchaguzi wa mahali na wa siku ya kuvuna. Jibu la swali la pili ni finyu kuliko inavyosemwa, ingawa linatosha.

Mahali

Lett alisomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Utah na alikuwa njiani kuwa daktari wa meno, hadi ziara katika mashamba ya mizabibu ya Napa, huko California, ilipomgeuza nia. Akajiunga na Chuo Kikuu cha California huko Davis kusomea kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa divai, kisha akakaa miezi kadhaa Ulaya akichunguza ni wapi Pinot Noir hustawi na kwa sababu gani. Mwaka 1965 alikwenda Oregon na vipandikizi takribani 3,000, akavitunza kwanza katika kitalu karibu na mji wa Corvallis, na mwaka 1966 akaanza kuvihamishia kwenye miteremko ya Dundee Hills, ndani ya Bonde la Willamette, kusini-magharibi mwa jiji la Portland. Yeye na mkewe Diana walitumia fungate yao kupanda mizabibu. Riziki ya miaka ya mwanzo ilitokana na kazi nyingine kabisa, kwa kuwa Lett alikuwa wakala wa kuuza vitabu vya vyuo.

Hakuwa mtu wa kwanza kupanda zabibu za divai katika Oregon ya zama hizi. Richard Sommer alikuwa amekwisha kupanda huko Roseburg, kusini mwa jimbo hilo, mwaka 1961. Lakini Bonde la Willamette liko kaskazini zaidi na lina baridi zaidi, na maoni yaliyotawala Davis wakati ule yalikuwa kwamba mvua na jalidi vingemshinda mkulima.

Maoni hayo hayakuwa ya kijinga. Yalitokana na kipimo ambacho Albert Winkler na Maynard Amerine wa chuo hicho walikichapisha mwaka 1944, ambacho bado kinatumika: kwa kila siku kuanzia Aprili hadi Oktoba unachukua wastani wa joto, unatoa nyuzi 10 za Selsiasi, kwa sababu chini ya hapo mzabibu haukui, kisha unajumlisha kinachobaki. Jumla hiyo hugawanya maeneo katika madaraja 5. Bonde la Willamette liliangukia daraja la kwanza, lenye joto dogo kuliko yote, ambalo ukomo wake ni takribani 1,390. Aliyezoea wingi wa joto wa California aliisoma tarakimu hiyo kama onyo. Lett aliisoma kwa jicho jingine, kwa sababu Beaune yenyewe imo katika daraja hilohilo.

Ili kuelewa kwa nini uhaba wa joto unaweza kuwa neema, ni lazima tutazame kinachoendelea ndani ya tunda. Zabibu ikiiva, sukari hupanda na asidi hushuka, na mabadiliko yote mawili huharakishwa na joto. Hasa asidi ya maliki, ambayo tunda huitumia kama nishati usiku kukiwa na joto. Harufu, ulaini wa tanini (viini vinavyoleta ukakasi) za maganda na ukomavu wa mbegu huendeshwa pia na muda, na haviwezi kusukumwa kwa kiwango kilekile. Pinot Noir ni aina inayoiva mapema. Ipandwe mahali pa joto kali, sukari itafika kileleni katikati ya kiangazi wakati mbegu bado ni za kijani, na mkulima atabaki na chaguo mbili mbaya: avune sasa apate divai chungu, au asubiri apate divai nzito, yenye kilevi kingi, isiyo na uchangamfu na yenye harufu ya matunda yaliyopikwa. Ipandwe mahali ambapo mwisho wa kuiva kwake unaangukia mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, mchana ukiwa wa uvuguvugu na usiku wa baridi, mambo yote hayo hukutana karibu wakati mmoja. Wakulima wakongwe wa Ulaya hupenda kusema kwamba zabibu bora hutoka pale ambapo aina husika inaiva kwa shida, na katika jambo hili nadhani wana haki.

Dundee Hills ina sifa nyingine ambazo kipimo cha joto hakizioni. Mstari wa latitudo ya 45 kaskazini hupita katika Bonde la Willamette, hivyo siku za kiangazi ni ndefu na majani hupata mwanga mwingi kuliko ya Napa. Safu ya milima ya pwani huzuia sehemu kubwa ya mvua na ubaridi wa Bahari ya Pasifiki, lakini ina pengo, liitwalo Van Duzer, ambalo jioni huruhusu upepo wa bahari kuingia na kuteremsha joto. Udongo wa vilima hivyo, unaoitwa Jory, ni mwekundu na mzito, uliotokana na kumomonyoka kwa mawe ya volkano. Huhifadhi maji ya mvua za kipupwe kiasi kwamba mizabibu iliyoshika mizizi inaweza kuvuka kiangazi kikavu bila kumwagiliwa. Hapa Oregon ina nafuu kuliko Burgundy, ambako mvua, hata mvua ya mawe, huweza kushuka katikati ya kiangazi. Hatari yake iko mwishoni, kwa kuwa mvua za vuli hurejea wakati ambapo zabibu zinahitaji siku chache tu za mwisho.

Siku ya kuvuna

Hatari hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya siku ya kuvuna kuwa uamuzi mkubwa kuliko mwingine wowote katika divai ya aina hii. Vichala vya Pinot Noir ni vidogo na vimebanana, na maganda ya tunda ni membamba. Mvua ikinyesha juu ya vichala vilivyokwisha kulainika, punje hufyonza maji, hubanana zaidi, hupasuka, na kuvu wa botrytis hupata mlango. Kuvu huyo haharibu ladha pekee, kwani huzalisha pia kimeng'enya kinachoitwa lakase, ambacho hugeuza rangi ya divai nyekundu kuwa ya kahawia. Kwa aina ambayo tayari ina upungufu wa rangi, hilo ni pigo kubwa.

Kwa hiyo mkulima hupita kati ya safu asubuhi, akichuma punje moja hapa na nyingine pale, kutoka upande wa jua na upande wa kivuli. Anaiminya mdomoni na kutenganisha vitu kwa ulimi: kwanza maji yake, apime utamu na ukali, kisha ganda, analitafuna polepole hadi liachie rangi, akisikiliza kama ukakasi wake ni laini au unakwaruza fizi, mwisho mbegu, ambayo ikiwa imekomaa huwa ya kahawia, huvunjika kwa mlio kama wa karanga iliyokaangwa, na haiachi uchungu wa jani bichi. Mashine itampa tarakimu za sukari na asidi, lakini hakuna tarakimu ya mbegu.

Lett alijulikana kwa kuvuna mapema kuliko majirani wengi, pale uivu unapoanza kufika badala ya pale unapokwisha. Ni rahisi kudhani kwamba alikuwa akiikimbia mvua tu. Msimamo wake, alioutetea hadi uzeeni, ulikuwa kwamba harufu ya Pinot Noir ni jambo jepesi linalopotea haraka mtu akitafuta sukari zaidi, na kwamba kilevi kikizidi hufunika kile ambacho shamba limesema. Msimamo huo una gharama. Takribani gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kilevi, hivyo maji ya zabibu yenye gramu 210 kwa lita huishia kwenye asilimia 12 na ushei. Divai ya kiwango hicho haina uzito wa kuficha kasoro yoyote. Mbegu mbichi zitasikika, vikonyo vibichi vitasikika, na pipa jipya lenye kelele litasikika kuliko yote.

Kiwandani

Kazi ya kiwandani kwa divai ya nchi za baridi ni ya kujizuia. Zabibu hutiwa katika mapipa madogo yaliyo wazi juu, nyingine zikiwa zimeondolewa vikonyo na pengine sehemu zikiachwa na vichala vyake vizima. Chachu ikianza kazi, hewa ya ukaa huyainua maganda na kuyafanya kifuniko kinene juu ya maji, na mtengenezaji hukizamisha kifuniko hicho kwa mti wenye ubao mwishoni, mara kadhaa kwa siku. Ni kazi ya mikono na mabega. Anayeifanya huhisi kifuniko kikiwa kigumu siku za mwanzo, kisha kikilainika kadiri maganda yanavyochoka.

Hesabu yake ni hii. Rangi na harufu za maganda huyeyuka kwenye maji, hivyo hutoka mapema, kabla kilevi hakijawa kingi. Tanini za mbegu zimefunikwa na utando wenye mafuta, ambao huyeyushwa na kilevi, hivyo hutoka mwishoni. Katika Pinot Noir, sehemu ya tanini inayotoka kwenye mbegu ni kubwa ikilinganishwa na aina nyingi nyingine. Anayezamisha kifuniko kwa nguvu hadi siku ya mwisho kwa tamaa ya kupata rangi zaidi hapati rangi. Anapata uchungu wa mbegu. Mwenye busara hufanya kazi nyingi siku za mwanzo, kisha hulegeza mkono kadiri kilevi kinavyopanda.

Tamaa ya rangi inahitaji kutajwa kwa sababu ilimgusa Lett mwenyewe. Mavuno yake ya kwanza, ya mwaka 1970, yalitoa divai iliyopauka kiasi kwamba hakuipa jina la zabibu yake, akaiuza kwa lebo ya Oregon Spring Wine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wa kikemia. Viini vya rangi nyekundu vya Pinot Noir viko vya aina tano tu, na vyote havina kiambatisho kile ambacho katika aina nyingine za zabibu hukiimarisha kiini na kukikinga. Kwa hiyo hata ikilimwa vizuri na kukamuliwa kwa ustadi, Pinot Noir halisi hubaki na wekundu wa kung'aa ambao unaweza kusoma maandishi kupitia glasi yake. Kufikia mavuno ya mwaka 1975 Lett alikuwa ameacha kuomba radhi kwa ajili ya rangi. Alichagua sehemu ya shamba iliyoonekana kutoa divai bora, akaiweka peke yake na kuiita South Block Reserve.

Baada ya chachu kumaliza sukari hufuata hatua ambayo katika nchi za baridi ni ya lazima. Bakteria aitwaye Oenococcus oeni huibadilisha asidi ya maliki, yenye ukali wa tunda bichi, kuwa asidi ya laktiki, ambayo ni laini. Mahali pa joto hatua hii hubadilisha kidogo, kwani maliki ilikwisha kutumika shambani. Mahali pa baridi hubadilisha umbo zima la divai: ukali hushuka, lakini asidi ya tataliki, asidi nyingine kuu ya zabibu, iliyobaki hutosha kuifanya isimame wima kwa miaka mingi, kwa sababu kadiri asidi ilivyo kali ndivyo dawa ya salfa inayohifadhi divai inavyofanya kazi kwa kipimo kidogo na vijidudu haribifu vinavyokosa nafasi. Uwezo huu wa kukaa muda mrefu bila kuchoka ndio uliokuja kuwa na maana pale Beaune.

Jambo moja kuhusu shamba lenyewe. Kanuni za sasa za Marekani huruhusu maneno ya kwamba divai imefungwa na shamba lililoizalisha ikiwa tu zabibu zote zimetoka katika ardhi inayomilikiwa au kusimamiwa na kiwanda hichohicho, ndani ya eneo moja linalotambuliwa, na kazi yote hadi chupa imefanywa na kiwanda hicho bila divai kutoka mikononi mwake. Watu wengi hudhani hiyo ni sifa ya ubora. Ni sifa ya uwajibikaji tu: aliyechagua siku ya kuvuna ndiye anayeinywa aibu. Katika kisa chetu mnyororo huo ulikuwa mfupi mno, kwani mtu aliyechomeka kijiti ardhini ndiye aliyekitazama kikizaa, akakivuna na akakiweka chupani.

Paris, kisha Beaune

Mwaka 1979 jarida la Gault-Millau liliandaa mjini Paris shindano kubwa lililoitwa Olimpiki ya divai, likiwa na divai 330 kutoka nchi 33, mbele ya waonjaji 62. South Block Reserve ya mwaka 1975 iliingia katika kumi bora miongoni mwa divai za Pinot Noir. Miaka mitatu kabla, mwezi Mei 1976, Steven Spurrier, mfanyabiashara wa divai Mwingereza, alikuwa amewaonjesha Wafaransa mjini Paris divai za California zilizoshika nafasi za kwanza kwa nyeupe na nyekundu. Wengi waliopata mshtuko mwaka 1976 walijifariji kwa kusema kwamba California ina jua, na jua hufanya divai iwe nene na ya kuvutia ikiwa changa. Faraja hiyo haikuwa na kazi mbele ya Pinot Noir iliyopauka kutoka bonde lenye mvua.

Drouhin hakuridhika na matokeo ya 1979. Alisema kwamba divai za Ufaransa zilizowekwa kwenye kundi lile hazikuwa za kiwango cha kuiwakilisha Burgundy. Lalamiko hilo lingeweza kuishia kuwa manung'uniko ya aliyeshindwa, na wengi katika biashara hii wangeishia hapo. Yeye alirudia jaribio akiwa ameimarisha upande wa wapinzani: alitoa katika ghala lake divai za mashamba makubwa na za miaka mizuri, akaiacha ya Oregon iwe ileile. Kwa jicho la uchambuzi, hiki ndicho kitendo chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kisa hiki. Matokeo ya mara moja yangeweza kuwa bahati. Yakirudiwa kwa masharti magumu zaidi, mahali pengine, na mtu ambaye angefurahi yakibatilika, bahati hupungua sana.

Sasa tuzitazame zile pointi. Tofauti ya 0.2 katika 70 haina maana yoyote ya ushindi au ushindwa. Mwonjaji mmoja au wawili wangekuwa wamekunywa kahawa dakika chache kabla, au mpangilio wa glasi ungebadilishwa, huenda nafasi mbili za juu zingebadilishana. Kusema kwamba Chambolle-Musigny iliishinda Eyrie ni kosa sawa na kusema kwamba Eyrie nusura ishinde. Matokeo yanayoweza kutetewa ni kwamba waonjaji wale hawakuweza kuzitenganisha divai hizo mbili kwa ubora.

Hata hivyo divai hizo hazikuwa na umri mmoja. Chambolle ilikuwa imepita miaka 20 tangu mavuno, Eyrie haikuwa imetimiza mitano. Pinot Noir ya umri mdogo huwa na wekundu hai hadi ukingoni mwa glasi, harufu ya cheri na rasiberi, pengine ua na kiungo kidogo, na asidi inayofanya mate yajae pembeni mwa ulimi punde baada ya kumeza. Ya miaka 20 huwa na ukingo wa rangi ya tofali, matunda yamekauka, na mahali pake pameingia harufu ya uyoga, majani ya msituni baada ya mvua na ngozi iliyolainishwa. Mwonjaji mzoefu anaziona tofauti hizi kabla hata hajanusa. Kwa hiyo kufichwa kwa lebo hakukuficha kila kitu: kulificha majina, lakini umri ulikuwa wazi, na bila shaka kila mwonjaji alilipa pointi alichokipenda kati ya uchangamfu na ukomavu. Hii ni dosari ya mpangilio ambayo wasimuliaji wa kisa huiruka.

Rangi nayo ni hakimu asiyealikwa. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha utafiti ambamo wanafunzi 54 wa somo la divai mjini Bordeaux walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaieleza kwa maneno yanayotumika kwa divai nyekundu. Pua hufuata jicho kuliko tunavyopenda kukubali. Kama South Block ingewekwa katikati ya divai nzito na nyeusi za zabibu ya Cabernet, naamini ingehukumiwa kuwa dhaifu kabla ya kufika mdomoni. Beaune iliiweka kati ya ndugu zake, mbele ya watu ambao tangu utotoni wamezoea kwamba rangi hafifu si dalili ya upungufu. Rangi ambayo mwaka 1970 ilimtia Lett mwenyewe haya, ilipata mahakimu wasioona haya hiyo.

Hapo ndipo ufinyu wa matokeo unapoonekana. Jopo la watu wa Burgundy hupima, pamoja na ubora, ukaribu wa divai na Burgundy. Divai yenye tabia yake ya kipekee, nzuri kwa namna ambayo hawajaizoea, ingeweza kupata pointi chache mbele yao bila kosa lolote. Kwa hiyo Beaune haikuthibitisha kwamba Oregon ni bora kuliko mahali pengine, wala haikuthibitisha kwamba kila shamba la Dundee Hills lingetoa kitu cha namna ile. Ilithibitisha kwamba aina hii ya zabibu, ikipewa msimu wa urefu unaofanana na wa kwao, na ikitengenezwa na mtu asiyeilazimisha, huzaa divai ambayo wenyeji wenyewe hawaikatai. Kwa swali ambalo Davis ilikuwa imelijibu vibaya miaka 15 kabla, hilo lilitosha kabisa.

Fedha ya Drouhin

Kwangu mimi ushahidi wenye uzito zaidi kuliko 69.8 ulikuja baadaye, na ulikuja kwa hati ya kununua ardhi. Mwaka 1986 Véronique, binti wa Robert Drouhin, alifanya kazi ya mavuno huko Oregon kama mwanafunzi wa vitendo. Mwaka uliofuata familia hiyo ilinunua ardhi, na haikuenda kutafuta bonde jingine lenye joto zaidi. Ilinunua katika miteremko hiyohiyo ya Dundee Hills. Mtu anaweza kutoa pointi kwa adabu. Mtu hatoi fedha za kampuni ya familia kwa adabu.

Divai ya kwanza ya Domaine Drouhin Oregon, ya mwaka 1988, ilitengenezwa na Véronique kwa zabibu zilizonunuliwa kwa wakulima wa jirani, kwa kuwa mizabibu yao wenyewe ilikuwa bado michanga. Shambani walipanda kwa kubananisha mashina kwa desturi ya Burgundy, na wakatumia miche iliyounganishwa juu ya mashina sugu. Tahadhari hiyo ilionekana ya kupindukia kwa majirani waliopanda kama Lett, juu ya mizizi ya mzabibu wenyewe, hadi mwaka 1990 mdudu filoksera, mharibifu wa mizizi, alipogunduliwa katika Bonde la Willamette.

Lett aliendelea na mtindo wake wakati sehemu ya Oregon ikielekea kwenye divai nyeusi zaidi na zenye kilevi zaidi, ambazo ndizo zilizopata alama za juu kwa baadhi ya waandishi wa miaka ya 1990 na baada yake. Aliupinga mwelekeo huo waziwazi, na hakulegeza hadi alipofariki mwaka 2008, miaka mitatu baada ya mwanawe Jason kushika kazi ya kutengeneza divai. Mjadala wa lini Pinot Noir imeiva vya kutosha unaendelea katika bonde hilo kila mwezi wa Septemba unapokwisha, na majira ya joto yanayozidi kuongezeka yameufanya uwe mgumu zaidi, kwa sababu mkulima wa leo anayetaka asilimia 12 ya kilevi pamoja na mbegu zilizokomaa anapata nafasi finyu kuliko aliyoipata Lett mwaka 1975. Baadhi wameanza kupanda juu zaidi kwenye vilima, au karibu na pengo la Van Duzer, wakiufuata ubaridi uleule ambao zamani ulitajwa kama sababu ya kutopanda.